MCHEZO WA KUJENGA UFALME: MAYELE YAKE NI NINI?



Wengi wameuliza tueleze katika gazeti letu ule mchezo wa telefone ambao mtu anajenga miji na kutawala inchi, bila kukimbia-kimbia wala kupiga bunduki kila dakika. Wako wanaosema ni mchezo wa wavivu. Wengine walijaribu siku mbili, wakapigwa, wakaacha. Hapa tutaeleza zaidi mayele kuliko vidole, sababu vidole kila mtu atajifunza mwenyewe kwa siku moja.

Mzee wa michezo hii ni Civilization, iliyotoka Marekani mwaka 1991, kazi ya Sid Meier na mwenzake Bruce Shelley. Unaanza mwaka 4000 mbele ya Kristo, uko na watu wachache, basi. Unajenga mji wa kwanza, na ukiishi unafika mpaka wakati wa ndege na roketi. Ya sita ilitoka 2016, ya saba 2025. Zile zinauzwa, tena zinaomba mashini ya nguvu. Lakini iko nyingine, jina lake Unciv, yenye kufuata sheria za Civilization ya tano. Hailipwi hata franka moja, inaingia katika telefone ya Android ya kawaida, na ukisha kuipata haiombi tena mega. Kwetu Musonoi njo ile inafaa.

Neno la kwanza la kuelewa ni zamu. Wewe unafanya mambo yako yote, kisha unafunga zamu, na wafalme wengine wanafanya yao. Hakuna mtu anakusukuma. Ukitaka kufikiri nusu saa, fikiri. Wale ambao babu zao wanacheza kisolo, ule ubao wa Baluba wenye mistari minne ya mashimo, wanajua tayari jambo hili. Mchezaji mzuri wa kisolo hashiki mbegu mbele ya kuhesabu zitaangukia wapi, na mwenzake atajibu nini. Mchezo wa ufalme ni vile vile, tofauti yake ni kwamba mbegu zako zinazaa. Kipimo cha kawaida ni zamu 500, na kosa la zamu ya 10 utalilipa mpaka mwisho.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kundi la kwanza la wahamiaji, katika Civilization ya sita, lina bei ya kazi 80. Wewe unawatuma kwenye zamu ya 30, rafiki yako anangoja mpaka zamu ya 60, sababu alitaka kwanza kujenga kitu kizuri cha kutazamwa. Mji wako mpya ukitoa paka kazi 4 kwa zamu, ukifika zamu ya 60 umeisha kupata kazi 120. Ni bei ya wahamiaji wengine, na inabaki. Rafiki bado anaanza. Juu ya hiyo, watu wanaoshinda hawaachi zamu za kwanza zipite bure: wanatoa mpelelezi mmoja au wawili wa kuona inchi, kisha askari wa kulinda, kisha wahamiaji. Majengo makubwa ya ajabu, yale ambayo kila mtu anayapenda, yatangoja.

Wapi kuweka mji? Hapo wengi wanaharibu. Wanaona kilima chenye shaba na dhahabu, wanakimbilia. Lakini kila raia wa mji anakula chakula 2 kwa zamu. Mji wenye vilima vingi na chakula kidogo unabaki na raia wawili watatu, na wao ndio wenye kuchimba. Mgodi bila mchimbaji haukupe kitu. Tafuta kwanza maji: mto, ziwa. Katika ya sita, mji wenye maji matamu unaanza na nafasi ya makao 5, usio na maji unaanza na 2. Kisha tafuta udongo wa kulima, na kisha vilima. Ukipata vyote vitatu pamoja, usihame hata zamu moja.

Na iko jambo la nne, ni njia. Hapa hatuna lazima ya kwenda mbali kwa kutafuta mfano. Bunkeya iko katika jimba letu la Lualaba, territoire ya Lubudi. Msiri alitoka Unyamwezi, baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba, na yeye akajenga pale mji wake mkuu katika karne ya 19. Tazameni karta. Bunkeya iko kati ya bahari mbili. Upande wa magharibi wafanyabiashara wa Bihe walifika mpaka kwake kutoka Benguela. Upande wa mashariki njia ilikwenda mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Yeye alitoa shaba, chumvi, pembe, na pia watumwa, jambo ambalo hatuwezi kulificha. Aliingiza vitambaa, bunduki na baruti. Alioa wake kutoka pande nyingi, hata Maria de Fonseca wa Angola, na katika mchezo mambo hayo yanaitwa diplomasia. Misionari Arnot alipofika mwaka 1886 alikuta mfalme ambaye jina lake linaogopwa mbali.

Lakini nguvu ya Msiri ilisimama juu ya baruti, na baruti haikutoka kwake. Mwaka 1891 Basanga waliasi, njia zikafungwa, baruti ikapungua, njaa ikaingia Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Bodson wa kundi la Stairs akamwua kwa risasi, na Bodson mwenyewe akafa siku ile. Mchezaji anayenunua askari wake wote kwa vitu vya jirani yuko katika hali hiyo hiyo. Siku jirani anageuka, huna kitu. Kama chuma kiko mbali na mji wako, tuma wahamiaji kule mapema, hata kama inchi ile haipendezi.

Jambo lingine la mayele: mali nyingine haionekani. Kwenye karta ya mchezo hauoni chuma mpaka watu wako wamejifunza kazi ya chuma au ya shaba, kufuatana na mchezo. Makaa ya mawe, petroli, uranyumu, vyote viko chini ya udongo toka zamu ya kwanza, lakini macho yako hayajafunguka. Mtu anaacha kona fulani ya inchi akisema ni bure, na zamu 200 nyuma mwenzake anaitolea uranyumu. Sisi wa Katanga hatuwezi kucheka. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilianza kujulikana kwa Wazungu mwaka 1915, na kwanza walitafuta radiumu ya madawa. Uranyumu ilikuwa kama takataka. Mwaka 1945 sehemu kubwa ya uranyumu ya bomu la Hiroshima ilitoka mule. Na kobalti yetu, ambayo leo inaingia katika bateri za telefone hizi tunazochezea, kwa miaka mingi ilihesabiwa kama mtoto wa nyuma wa shaba. Jambo la kushangaza ni kwamba katika orodha ya mali ya Civilization ya sita kobalti haimo. Shaba imo: inaongeza feza 2 kwa zamu, basi.

Mukongo naye yumo. Katika ya sita unaweza kuchagua ufalme wa Kongo, chini ya Mvemba a Nzinga, ambaye Wareno walimwita Afonso wa Kwanza. Alibatizwa 1491, akatawala toka 1509 mpaka karibu 1542. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko Angola. Watengenezaji wamempa sheria za pekee: hawezi kuanzisha dini yake, lakini akipokea dini ya wengine katika miji yake mingi, anapata faida yake. Sanamu na masalio vinamzalishia chakula, kazi na feza. Tena ana kartie yake inayoitwa Mbanza, ambayo inajengwa paka katika pori au msitu.

Hiyo ya msitu njo inafundisha. Katika mchezo ukikata msitu unapata kazi nyingi mara moja, na wachezaji wengi wanakata yote ili wamalize jengo moja haraka. Ukiwa Kongo, ukikata, umejinyima mahali pa Mbanza. Lazima uamue zamu ya 20 juu ya kitu kitakachokuja zamu ya 120. Kwa maoni yetu ni ufalme mzuri kuliko yote kwa kujifunza, sababu unakukataza haraka. (Ile historia ya kweli ni nzito kuliko mchezo. Mwaka 1526 Mvemba a Nzinga alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake na kuwauza, hata watu wa ukoo wake. Mchezo hauna zamu ya barua hiyo.)

Sasa tufike pale ambapo watu wengi wanaangukia bila kuelewa wameanguka namna gani. Si vita. Ni matunzo. Askari wengi na majengo mengi yanakula feza kwa zamu. Mchezaji anaona sanduku limejaa, anajenga, anajenga, kisha namba inageuka nyekundu: toa 5, toa 12. Anasema, si kitu, niko na 300 katika sanduku. Zamu 25 nyuma sanduku ni tupu, na mchezo wenyewe unaanza kumwondolea askari. Hapo njo jirani anaingia. Tazama kila zamu ile namba ndogo inayoonyesha feza inaingia ngapi. Ile ya sanduku inadanganya.

Ba papa wetu waliona jambo hilo kwa macho. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 zilibaki karibu tani 30,000. Shaba ilikuwa bado chini ya udongo, hakuna aliyeiiba usiku mmoja. Lakini feza ilitoka na mashini hazikubadilishwa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kwa lugha ya mchezo: sanduku lilitazamwa, ile namba ndogo haikutazamwa.

Kitu kimoja hatukubaliani na watengenezaji. Katika mchezo unaweka mgodi kando ya mji kwa kubonyeza mara moja. Mgodi haumalizi kamwe, shimo halipanuki, maji ya mto hayaharibiki kwa sababu yake, na hakuna mtu anaambiwa afungashe vyombo. Kasulo, hapa Kolwezi, mwaka 2017 watu walihamishwa ili kartie yao igeuke mahali pa kuchimba. Hesabu ya namna hiyo haimo katika mchezo: ile shaba inaleta feza 2, na nyumba ngapi zimetoka? Mwenzetu mmoja wa kalasi ya tano alisema afazali tuiandike wenyewe pembeni ya karatasi kila mara tunapoweka mgodi karibu na mji. Tulicheka, lakini alifanya hivyo, na tuliona kwamba alianza kuweka migodi mbali zaidi.

Kwa wenye kutaka kuanza: usicheze mchezo mzima. Hifadhi mchezo kwenye zamu ya kwanza. Cheza mpaka zamu ya 50, simama, andika katika kaye: miji mingapi, raia wangapi, feza inaingia ngapi kwa zamu. Kisha rudia inchi ile ile toka mwanzo, ubadilishe kitu kimoja tu, kwa mfano wahamiaji mbele ya askari. Andika tena. Fanya mara tatu. Wawili wakicheza namna hii na wakilinganisha kaye zao, wanajifunza kwa juma moja kuliko yule anayecheza peke yake mwezi muzima. Na punguzeni mwanga wa kioo, sababu mchezo huu unakula bateri, na umeme jioni hauna ahadi.