Mwandishi wa Tarehe ya Wanavyuoni

Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, majina ya wanavyuoni wa zamani yangali yakitajwa kwa taadhima misikitini na barazani. Lakini atakaye kujua fulani alisoma kwa nani, alishika ukadhi zama zipi na alifia wapi, aghalabu hana budi kukirejea kitabu kilichotolewa mwaka 1972, *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*.

Mtungaji wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa mwalimu wa skuli, na mapema akadhihirisha mapenzi yake ya tarehe, kwani mwaka 1942 alikwisha kutoa kitabu juu ya Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1968 alishika cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya hapa Mombasa, kiti alichokikalia kabla yake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri yake ya Kurani, na kwa tafsiri hiyo ndivyo wengi wamjuavyo.

Mimi naona kazi yake ya tarehe haistahili kukaa nyuma ya tafsiri hiyo, maana ndani yake ilimu yaonekana ikisafiri kwa jahazi: Sheikh Muhyiddin al-Qahtani akitoka Barawa, Sheikh Abdallah Bakathir akitoka Lamu, Sayyid Ahmed bin Sumayt akitoka Ngazija, wote wakikutanishwa na Unguja, na hao wawili wa mwisho wakifariki mwaka mmoja, 1925. Kwetu Mombasa yumo Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, kadhi aliyetiwa gerezani na Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, kwa hitilafu za madhehebu, asifunguliwe mpaka Barghash alipokufa mwaka 1888. Alipofariki mwaka 1894 alimwacha mwanawe Al-Amin, mtoto wa miaka mitatu. Na mtoto huyo, aliyelelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali, ndiye aliyekuja kutoa magazeti ya *Sahifa* na *Al-Islah*, akawa Kadhi Mkuu, na akaandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake wa Mazrui.

Mwanachuoni wa Kimarekani, Randall Pouwels, aliyekifasiri kitabu cha Farsy mwaka 1989, alikihesabu kuwa ni katika vitabu vya manakibu, yaani vya kuwasifu wachamungu. Kweli sifa zimo nyingi, na msomaji hutamani mara kwa mara hoja zaidi. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba Farsy alikuwa mkali wa kukataza aliyoyaona kuwa ni bidaa, ilhali miongoni mwa aliowaandika wamo waliokuwa na rai nyingine kabisa. Naye hakuwafuta, wala hakuwavunjia heshima, bali aliwapa haki yao ya kutajwa pamoja na masheikh wao na wanafunzi wao. Insafu ya namna hiyo ni nadra kwa mtu aandikaye habari za dini yake mwenyewe.

Farsy alifariki Oman mwaka 1982, na waliomsimulia hayo wengi wao wametangulia mbele ya haki. Basi enyi wenye nyumba za Kibokoni na kwingineko mjini, mlio na barua, ijaza na madaftari ya babu zenu makashani, yatoeni yasomwe na kunakiliwa kabla mchwa hawajayamaliza.