Muwasho Usiosikia Dawa ya Upele

Leo tuzungumze juu ya muwasho wa ngozi. Mimi ni mganga msaidizi wa kijijini. Wagonjwa wengi wanaokuja wakijikuna wana upele, nao hupona. Lakini uko muwasho mwingine usiosikia dawa ya upele. Kwa Waafrika ni nadra sana. Hata hivyo mwenye nao huteseka, na watu humsema vibaya. Ni vema tuujue.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza maandazi Tunduma, karibu na mpaka wa Zambia. Wateja wake ni madereva wa malori na abiria. Yeye mwenyewe hunywa chai kwa maandazi asubuhi, na jioni hula chapati. Sasa viwiko vyake vyote viwili vimetoka malengelenge madogo madogo. Magoti pia, na makalio. Ngozi huchoma kama moto, kisha huwasha. Hujikuna mpaka damu itoke. Amepaka dawa ya upele mara tatu, na bado anawashwa. Wateja wameanza kumkwepa. Wengine wanasema amerogwa. Je, tumsaidieje?

Kwanza tazama kama ni upele

Upele huletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi. Hupenda katikati ya vidole, viganja, kiuno na sehemu za siri. Huwasha zaidi usiku. Mara nyingi watu wengine wa nyumba hiyo nao hujikuna. Hii ndiyo dalili kubwa.

Upele hautibiwi kwa mtu mmoja peke yake. Watu wote wa nyumba wapake dawa siku moja, mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Watoto wachanga wapelekwe zahanati kwanza. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Baada ya tiba, muwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne. Usikate tamaa mapema.

Kama nyumba nzima imetibiwa vizuri na mtu mmoja tu bado anatoka malengelenge, huo huenda si upele.

Ugonjwa wenyewe

Wataalamu wanauita dematitisi hepetifomisi. Jina ni refu, lakini maana yake si ngumu. Ni ugonjwa wa ngozi wenye malengelenge yaliyokusanyika pamoja. Hauletwi na mdudu. Hauambukizi. Huletwa na chakula, kwa watu wachache ambao miili yao haipatani nacho.

Chakula hicho ni ngano, pamoja na ndugu zake shayiri na rai. Ndani yake kuna kitu kiitwacho gluteni. Gluteni ndiyo inayofanya donge la chapati livutike kama mpira. Unga wa mahindi hauna gluteni, kwa hiyo hauvutiki hivyo.

Mwili una askari wanaopigana na vijidudu. Kwa watu hawa, askari huiona gluteni kuwa ni adui. Hupigana nayo tumboni, kisha hukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Utumbo huumia. Silaha zao nyingine husafiri kwa damu mpaka kwenye ngozi. Hapo malengelenge hutokea. Mtu anaweza kula ngano miaka mingi bila shida, kisha ugonjwa ukaanza ukubwani.

Daktari Louis Duhring wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1884, lakini hakujua kuwa unatokana na chakula. Katika vita vya pili vya dunia, nchi ya Uholanzi ilipatwa na njaa katika baridi ya mwaka 1944 na 1945. Mkate ulikosekana. Daktari Willem Dicke alikuwa na watoto wagonjwa wa tumbo ambao, alivyoona, hupata nafuu wasipokula ngano. Aliandika habari hizo mwaka 1950. Mwaka 1966 madaktari wa Uingereza walionyesha kuwa wagonjwa wa malengelenge haya nao utumbo wao umeumia. Hivyo ikajulikana kuwa ngozi na tumbo ni shauri moja.

Mambo ya kufanya

1. Nenda zahanati. Eleza ulipaka dawa gani na mara ngapi. Omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wataalamu hukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima kwa darubini maalumu.

2. Usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha mapema, vipimo vinaweza visionyeshe ugonjwa.

3. Usiazime dawa ya mtu mwingine. Iko dawa iitwayo dapsoni, ambayo pia hutumika kutibu ukoma. Hupunguza muwasho huu kwa siku chache. Lakini inaweza kuharibu damu, hasa kwa watu waliozaliwa na upungufu fulani katika chembe za damu ambao huku kwetu uko. Daktari hupima damu kwanza.

4. Ukithibitishwa, acha ngano, shayiri na rai maisha yako yote. Ngozi huchukua miezi mingi kutulia, pengine hata miaka miwili. Vumilia.

Chakula kipo

Sisi watu wa Songwe tuna bahati. Mahindi hayana gluteni. Ulezi hauna, na wazee wetu wa Mbozi na Momba walikula ugali wake siku zote. Mchele, mtama, mihogo, viazi, ndizi na maharage pia havina.

Hatari iko kwenye kuchanganya. Mashine iliyosaga ngano isisage ulezi wa mgonjwa kabla haijasafishwa vizuri. Mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange viazi vyake. Pombe ya ulezi haina gluteni, lakini bia za kiwandani zilizotengenezwa kwa shayiri zinayo.

Basi mama yetu wa Tunduma afanyeje? Akapimwe. Ikithibitika kuwa ni ugonjwa huu, wateja wake wasiogope, hawezi kuwaambukiza. Lakini vumbi la unga humwingia mdomoni anapokanda. Afadhali abadili biashara, apike vitumbua vya unga wa mchele mtupu. Atapata riziki yake na afya yake.

Nawe uliye mzima, usitupe chapati zako. Ngano si sumu kwa kila mtu.

Ndugu msomaji, ukimwona jirani anajikuna mwezi hata mwezi, usimkimbie wala usitafute mchawi. Mpe kigoda akae, kisha umsindikize zahanati.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini nyumba nzima hupaka dawa ya upele siku moja?
2. Kwa nini mgonjwa asiache ngano kabla ya kupimwa?
3. Taja vyakula vitano vya kijijini kwenu visivyo na gluteni.