Kituo cha kupokezana ujumbe kwa redio: mambo ya kujua kabla kikundi hakijatoa pesa



Vikundi viwili, kimoja cha Thika upande wa Barabara ya Garissa na kingine cha Ruiru, vimetuuliza swali lile lile. Je, kikundi cha kujisaidia kinaweza kuwa na mtambo wake wa kupeleka barua kwa redio, bila mtandao wa simu na bila kutegemea stima?

Swali hili lina sababu. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mwaka uliofuata, Aprili na Mei 2024, yakaja mafuriko yaliyoua watu wengi, na wengi wetu tunaikumbuka Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili. Kabla maji hayajakauka vizuri, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika na Afrika Mashariki yote ikasumbuka. Minara ya simu ina betri na jenereta, ni kweli, lakini betri huisha na dizeli huisha. Na barabara ikijaa maji, nani ataipeleka dizeli?

Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Lakini kuna mtu wa kutafutwa kwanza, halafu kuna namba za kupangwa kwa makini. Kikundi cha Ruiru nusura kipoteze pesa kwa kuruka yote mawili.

Muuzaji mmoja aliwaandikia hesabu ya redio mbili, antena mbili na kompyuta ndogo. Akawaambia ati wakishalipa, ujumbe utakuwa bure milele. Juu ya leseni hakusema neno. Pesa zenyewe zilikuwa za mzunguko, na zilikuwa zimetengwa kununua tangi la maji. Mama mweka hazina akatuletea ile karatasi akasema, "Someni kwanza, mimi naona hapa kuna kitu kimefichwa." Tukaenda naye kwa mzee mmoja mwenye leseni ya redio ya ridhaa. Mengi ya tunayoandika hapa tumejifunza mezani kwake.

Kitu chenyewe ni nini

Mnajua mbio za kupokezana vijiti shuleni. Mtoto wa kwanza hakimbii uwanja wote; anampa wa pili kijiti, wa pili anampa wa tatu. Redio ya pakiti hufanya hivyo na maneno. Unaandika barua kwenye kompyuta. Kompyuta inaikata vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti ina jina la anayetuma na jina la anayepelekewa. Kisha kila pakiti inageuzwa kuwa sauti ya mlio, na redio inaupeleka mlio huo hewani. Upande wa pili mlio unageuzwa tena kuwa maandishi. Pakiti ikifika salama, kituo kinajibu "nimepata". Isipofika, inatumwa tena. Nodi ni kituo cha katikati kinachopokea pakiti za huyu na kumpelekea yule ambaye hawasikiani moja kwa moja.

Jambo hili si geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, intaneti ilipokuwa bado haijafika hapa, shirika la SatelLife la Marekani lilisaidia madaktari wa Nairobi na nchi nyingine za Afrika kupata barua na habari za tiba kwa njia hii. Setilaiti ndogo iitwayo UoSAT-3, iliyorushwa Januari 1990, ilipita juu karibu kilomita 800, ikapokea barua, ikazibeba, na kuziachilia ilipofika juu ya kituo kingine. Ilikuwa kama matatu ya barua, ila inapita angani mara chache kwa siku.

Usitegemee mwendo wa simu. Redio ya kawaida ya pakiti hupeleka biti 1,200 kwa sekunde. Pakiti kubwa yenye herufi 256 inachukua karibu sekunde 2. Barua ya ukurasa mmoja itachukua nusu dakika hivi, kama njia haina watu wengi. Picha msahau.

Leseni kwanza

Hapa ndipo mama mweka hazina alipokuwa na haki ya kushuku. Kununua redio hakukupi ruhusa ya kutuma. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nayo hupewa mtu aliyeonyesha kwamba anaielewa kazi, na mtu huyo hupata jina la kuitia redioni linaloanza na 5Z4. Chama cha Amateur Radio Society of Kenya ndicho kinachowakusanya watu hawa, na ndicho mlango mzuri wa kubisha.

Tena, redio ya ridhaa si ya biashara. Hamwezi kuitumia kuagiza vifaranga, kutangaza bei ya maziwa wala kudai mkopo wa mwanachama. Na maneno hayafichwi: mtu yeyote mwenye redio na kompyuta anaweza kusoma. Kwa hiyo namba ya siri ya M-Pesa isipite hapo, na jina la mgonjwa na ugonjwa wake lisipite hapo.

Mama mweka hazina akamwuliza, "Sasa mzee, kama si biashara, kinatusaidia nini?"

"Mama, kinakusaidia siku ile daraja limefunikwa na simu haishiki," mzee akamjibu. "Lakini siku ile hutajifunza. Utakuwa umejifunza mwaka mzima kabla."

Basi kikundi kikaamua pesa za tangi zibaki za tangi. Vijana wawili wakaanza kusomea leseni, na mzee akakubali kuweka nodi ya majaribio kwa leseni yake na vifaa vyake, yeye mwenyewe akiisimamia.

Kupanga namba za nodi

Kompyuta ilikuwa Raspberry Pi, ndogo kama kitabu cha sala, yenye programu mbili. Direwolf inageuza maandishi kuwa mlio na mlio kuwa maandishi. LinBPQ ndiyo nodi yenyewe. Yote mawili ni ya bure. Kupanga nodi ni kuandika faili moja ya maneno na namba, na karibu kila namba ni jibu la swali moja: ningoje kiasi gani?

Kwanza jina. Nodi hutumia jina la kuitia la mwenye leseni, likifuatwa na namba kati ya 0 na 15, ili mtu mmoja aweze kuwa na vituo kadhaa. Halafu ina jina la mtaani lisilozidi herufi 6. THIKA inaingia, RUIRU inaingia. Kilimambogo haiingii, na vijana walicheka sana hapo.

Namba ya pili ndiyo iliyotutesa siku nzima. Ukibonyeza redio ili itume, haiamki papo hapo. Inahitaji muda mfupi kabla sauti haijatoka vizuri. Kompyuta huambiwa ingoje muda huo, na mahali hapo huitwa TXDELAY. Kijana mmoja alikuwa amesoma kwamba iandikwe 30, akaandika 30. Ruiru ilisikia mlio lakini haikusoma hata neno. Tukabadilisha antena, tukabadilisha waya, tukalaumu vilima. Kumbe Direwolf huhesabu kwa vipande vya mia moja ya sekunde, kwa hiyo 30 yake ni sekunde 0.3. LinBPQ yenyewe huhesabu kwa vipande vya elfu moja ya sekunde, na 30 ikawa sekunde 0.03. Kichwa cha kila pakiti kilikuwa kinakatwa kabla redio haijaamka. Tulipoandika 300, barua ya kwanza ikaingia. Kwa hiyo kabla hamjaandika namba yoyote, ulizeni inahesabiwa kwa kipimo gani.

Ya tatu ni zamu. Wote hutumia masafa mamoja, kama mkutano wenye kipaza sauti kimoja. Kila kituo husikiliza kwanza. Kikisikia kimya hakirukii; kinapiga kura. PERSIST ikiwa 64, kura inasema "tuma" mara moja kati ya nne. Ikisema "ngoja", kituo kinangoja SLOTTIME, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde, kisha kinapiga kura tena. Ukiweka PERSIST 255, kituo chako kitarukia kila kimya, na wenzako hawatapata nafasi. Kila kikundi kina mwanachama kama huyo.

Lakini kusikiliza hakutoshi pale ambapo watu hawasikiani. Kati ya Thika na Ruiru kuna mabonde ya mito, Ndarugu ukiwa mmoja, na migongo ya ardhi katikati. Nodi ya Juja inawasikia wote wawili, lakini wao kwa wao hawasikiani. Thika anasikia kimya, anatuma. Ruiru naye anasikia kimya, anatuma. Pakiti zinagongana masikioni mwa Juja. Dawa ni kusema maneno machache kwa zamu moja. MAXFRAME, yaani idadi ya pakiti zinazotumwa kabla ya kungoja jibu, inaweza kufika 7. Mzee aliiweka 2. PACLEN, urefu wa pakiti, akaishusha kutoka 256 hadi 128, maana pakiti fupi ikigongwa hasara ni ndogo. FRACK, muda wa kungoja jibu kabla ya kurudia, akaweka sekunde 7. Vijana walitaka 2. Akawaambia mtu asiyengoja jibu anauliza mara tano, na kila akiuliza anamziba yule anayejibu.

Sauti pia ina kipimo chake. Mlio ukiwa mkubwa mno unavunjika, kama spika ya harusi. Direwolf huonyesha kiasi cha sauti inayopokelewa, na karibu 50 ni pazuri.

Halafu kuna orodha ya njia. Kila dakika 60 nodi hutangaza majina ya vituo inavyovijua. Kila njia hupewa alama, ya juu ikiwa 255. Njia ya redio iliyo nzuri huwekewa 192. Ukipitia kituo kimoja katikati, alama huzidishwa na kugawanywa kwa 256, kwa hiyo Thika kwenda Ruiru kupitia Juja ni 144. Jina likipita matangazo 6 bila kusikika upya, linafutwa. Hatari ni hii: asubuhi nyingine hewa hubeba mawimbi mbali kuliko kawaida, nodi ikasikia kituo cha mbali mara moja, ikakiandika kama jirani, na mchana mzima ikajaribu kukipelekea barua kisikosikia. Mzee aliandika majirani kwa mkono, akaambia nodi isikubali njia yoyote yenye alama chini ya 100.

Mahali na betri

Wengi walisema nodi iwekwe juu ya Kilimambogo. Mlima una mita 2,145 na unaonekana kutoka Thika vizuri. Ila ni mbuga ya taifa, na huwezi kupanda tu na waya zako bila ruhusa. Hata ruhusa ikipatikana, sisi tunaona si pa kuanzia. Kituo kinachosikia mbali sana husikia kila mtu, na kila mtu humwingilia mwenzake. Antena mbili za mita 10 kwenda juu zinaweza kuonana umbali wa karibu kilomita 26 kwenye tambarare, na Thika hadi Ruiru ni kama 20. Kwa sababu ya migongo tuliweka nodi katikati, juu ya mnara wa tangi la maji upande wa Juja.

Antena yenyewe si ghali. Kwa masafa ya karibu megahezi 145, fimbo ya kusimama ni sentimita 49, na fundi wa jua kali anaweza kuitengeneza. Waya iwe ya omu 50. Ile ya televisheni ni ya 75. Mvua ya radi ikija, ichomolewe.

Redio ikisikiliza tu inakula kama ampea 0.5, na kompyuta karibu hiyo hiyo. Kwa siku ni ampea-saa 22 hivi, bila kutuma. Betri ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo itawapa siku mbili bila jua. Sola ya wati 100 inatosha Februari. Julai, na baridi na mawingu yetu haya, haitoshi, wekeni 150.

Siku ya kujaribu, msijaribu stima ikiwepo. Zimeni kila kitu cha ukutani, wekeni simu zote kwenye kikapu, na mtu wa Ruiru amwandikie wa Thika maneno matatu: daraja gani, maji yamefika wapi, watu wangapi. Wa Thika arudishe maneno yale yale. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza ilichukua dakika nne, na mojawapo ya barua tatu haikufika. Betri ya Juja ilikuwa imelegea kwenye waya. Tulikaza, tukaanza tena.