Anayetetemeka Mahabusu Huenda Ni Mgonjwa

Barabara itokayo mjini Kasese hupita Kikorongo, penye mstari wa Ikweta, kisha huelekea magharibi hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ni njia ya kahawa, samaki na wachuuzi, na katika vibanda vya kando yake askari atokaye zamu hakosi waragi, pombe ya ndizi wala mairungi. Serikali ilipiga marufuku waragi ya vifuko mwaka 2019, lakini chupa zingalipo.

Hatusemi haya kwa kuwakashifu wenzetu. Kulinda mpaka ni kazi nzito, na mara nyingi kikombe cha kwanza hunywewa ili kufukuza baridi, upweke au kumbukumbu za mapambano. Linalotusukuma kuandika ni jambo tulilojionea wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kambi moja, askari shupavu alitiwa mahabusu jioni kwa kosa la ulevi. Alfajiri mikono ilimtetemeka, akatokwa na jasho, akakataa chakula. Sisi tuliokuwa zamu tulidhani anajifanya ili aachiliwe. Usiku alishikwa na kifafa, na alipozinduka alipiga kelele kwamba maadui wameingia chumbani. Mwuguzi wa hospitali alikopelekwa alituuliza swali moja tu: alikunywa lini mara ya mwisho? Hakuna miongoni mwetu aliyejua. Askari huyo alipona. Sisi tulibaki na aibu.

DALILI ZAKE

Mtumwa wa pombe si kila anayeyumba Jumamosi usiku. Ni yule anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, anayeficha chupa, anayekopa kabla ya mwisho wa mwezi, anayechelewa gwaride, na ambaye ameahidi kuacha mara nyingi akashindwa. Mwili wake umekwisha kuizoea pombe, na ukinyimwa ghafla huasi.

Mtetemeko huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Kifafa huweza kuja ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne huja hatari kuu: homa, moyo kwenda mbio, maruweruwe na kupotewa na fahamu. Asiyetibiwa aweza kufa. Anayeacha bangi au mairungi hukosa usingizi na huwa mkali au mnyonge, lakini kwa kawaida hapatwi na hatari hiyo.

UUGUZI

Kwanza, mwondolee silaha, kisha umpeleke hospitali. Usimtibu kwa kukisia, kwani malaria na jeraha la kichwa huweza kufanana na hali hii. Daktari humpa diazepam kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 kuulinda ubongo. Na vitamini hiyo hutangulia maji ya sukari ya mshipani.

Kazi iliyobaki ni ya mwuguzi na ya mwenzake aliye kando ya kitanda. Chumba kiwe kitulivu, na taa iwake usiku, maana giza huzidisha maruweruwe. Apewe maji mara kwa mara. Mapigo ya moyo, joto na pumzi vipimwe kila baada ya muda mfupi. Azungumzwe naye kwa upole, aambiwe jina la mahali alipo na siku ya leo. Asibishwe wala kuchekwa. Akishikwa na kifafa, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, wala asifungwe kamba.

Siku hizo zikipita, tiba ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa hamu ya pombe hukaa miezi mingi. Hospitali ya Butabika mjini Kampala ina wodi ya waathirika wa pombe na dawa za kulevya, na daktari wa wilaya aweza kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda huko.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, funguo za mahabusu ziko mikononi mwetu. Nidhamu hatuilegezi, mkosaji atajibu kosa lake akiwa mzima. Lakini kila tunapomfungia mlevi, hapana budi tumwulize swali la yule mwuguzi, tuandike jibu kitabuni, na tumchungulie usiku kucha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tusiwe sisi tunaomsaidia kuyaficha.