Je, Wajua? Kasuku Huficha Maradhi Yake

Je, wajua kwamba kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege wa misitu ya Kongo, huyasitiri maradhi yake mpaka nguvu zimwishe, kwa kuwa porini adhihirishaye udhaifu huwa wa kwanza kunyakuliwa, na kwa hiyo mfugaji wa mjini Baraka hudhani ndege wake ameugua ghafla ilhali amekwisha kudhoofika siku kadhaa? Mtazame mkia: ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, naye ametutumua manyoya mchana kutwa na kukiacha kijiti akajikunyata chini ya tundu, hali ni mbaya. Mpatie joto kwa chupa ya maji moto iliyoviringwa kitenge, hasa huko Fizi mlimani usiku wa baridi. Lakini usimweke kando ya mbabula, maana mapafu ya ndege hudhurika upesi mno kwa moshi, wala usimmiminie maji mdomoni, yasije yakampalia. Daktari wa mifugo, akipatikana, aitwe siku ile ile. Nawe unawe mikono, kwani homa ya kasuku huambukiza wanadamu pia. Ama biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini, mkataba wa CITES uliiharimisha tangu 2017.