Unataka kona safi baharini? Acha kuringa na ubao mdogo

Kuna ugonjwa unaosumbua vijana wengi walioanza juzi kuteleza mawimbini huko Pwani. Wiki ya tatu tu, mtu ashasimama mara mbili tatu bila kuanguka, basi anataka ubao mfupi na mwembamba, ule wa kupigia picha Instagram. Anaupata. Kuanzia siku hiyo mawimbi hashiki, kona hakuna, anarudi ufuoni hoi akilaumu bahari.

Wasee, bahari haina makosa.

Tuanze na hesabu. Ubao haupimwi kwa urefu pekee. Hupimwa pia kwa lita, yaani ujazo unaokufanya uelee. Anayeanza akiwa na kilo 70 hushauriwa atafute lita 70 hivi au zaidi. Bingwa wa uzani huo huo anaweza kutumia chini ya lita 30, lakini yeye ana miaka ya mazoezi. Ubao mdogo ukiulalia unazama kidogo, na hata upige maji kwa mikono vipi, unajikokota. Utashika mawimbi matatu asubuhi nzima badala ya kumi na tano. Sasa kona utajifunza lini?

Halafu angalia maji yetu. Sehemu kubwa ya Pwani ya Kenya ina miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi mbali na ufuo. Mengi yanayofika ufuoni Diani huwa yashachoka. Ghuba ya Malindi ina nafuu, maana matope ya Mto Sabaki hayapendwi na matumbawe, na msimu wa kusi mawimbi huingia. Hata hayo si ya Hawaii. Wimbi dogo linataka ubao mpana.

Kona yenyewe huanzia chini. Ukishasimama na kushuka, usiharakishe kugeuka. Ngoja ukaribie kitako cha wimbi, pale kasi imepanda. Kunja magoti, usiinamishe kiuno. Kisha angalia unakotaka kwenda. Macho yakitangulia, mabega yanafuata, nyonga zinafuata, na ubao hauna budi. Ukitazama miguu, utaanguka hapo hapo miguuni.

Egemea ukingo wa ubao: kwa vidole ukiwa umelikabili wimbi, kwa visigino ukiwa umelipa mgongo. Ubao ukianza kupanda, nyoosha magoti taratibu. Msukumo unatoka hapo. Ukifika juu, tazama tena chini kabla wimbi halijakuacha.

Na mguu wa nyuma? Uweke karibu na mapezi, yale yaliyo chini ya mkia. Kwenye ubao mrefu lazima uurudishe nyuma. Ukiganda katikati, utaenda moja kwa moja kama matatu iliyokatika usukani.

Mapezi nayo si mapambo. Mwaka 1980, Mwaustralia Simon Anderson, jamaa mwenye mwili mkubwa, alichoka na mbao za mapezi mawili zilizokuwa zikimtelezea kwenye kona. Akatengeneza wa mapezi matatu. Mwaka 1981 akashinda Bells Beach, na leo mtindo huo umeenea dunia nzima. Alitafuta ubao unaofaa mwili wake, hakuiga wa jirani.

Uko Nairobi na bahari iko mbali? Chukua sketibodi. Mchezo huo ulianzishwa na watelezaji wa mawimbi wa California, na kona zake ni zile zile: magoti, macho, mabega. Vaa helmeti tu, lami haina huruma.

Kabla ya kutoa pesa, kodi mbao tofauti uzijaribu. Ukiweza kupiga kona kulia na kushoto kwenye ubao mkubwa, bila kubahatisha, punguza lita chache. Ukishindwa, rudi kwa ule mkubwa. Hakuna anayekuhesabia futi. Watu ufuoni wanaangalia kama bado umesimama.