Hali ya hatari yapunguza majeruhi hospitalini?

Serikali inapotangaza hali ya hatari kwa sababu ya mauaji, watu huuliza kama mauaji yamepungua. Kwa upande wa afya swali ni pana zaidi. Wapo wengi wanaopigwa risasi au kuchomwa visu wakafikishwa hospitali wakiwa hai. Hao ndio wanaohitaji damu, vitanda na saa nyingi za madaktari wa upasuaji.

Tuchukue mfano wa Jamaika. Mwaka 2017, katika mkoa wa St James wenye mji wa kitalii wa Montego Bay, waliuawa watu zaidi ya 300, wengi wao kwa risasi. Januari 18, 2018, Waziri Mkuu Andrew Holness alitangaza hali ya hatari mkoani humo. Wanajeshi na polisi waliweka vizuizi barabarani, wakapekua magari na nyumba, na kukamata watu bila hati ya mahakama. Mwaka huo waliouawa walishuka hadi kiasi cha 100.

Sababu yake inaeleweka. Penye vizuizi, mwenye bunduki hawezi kutembea nayo kirahisi. Majeruhi wa risasi wakipungua, damu hubaki kwa mama anayejifungua, na mgonjwa wa ngiri haahirishiwi upasuaji wake.

Hata hivyo, takwimu za hospitali zisomwe kwa uangalifu. Kwanza, hospitali kuu ya Montego Bay, Cornwall Regional, ilikuwa na tatizo la hewa chafu ndani ya jengo tangu 2017, na baadhi ya huduma zikahamishwa. Vitanda vikipungua, waliolazwa nao hupungua hata kama majeruhi ni walewale. Pili, askari wakijaa mitaani, baadhi ya majeruhi huogopa kukamatwa, wakajitibu vichochoroni. Tatu, kizuizi cha barabarani hakizuii kisu cha jikoni wala kipigo cha ndani ya nyumba. Kwa hiyo inafaa kuhesabu aina ya jeraha na mahali lilipotokea, na kuangalia mikoa jirani pia.

Aidha, hatua hizi zina madhara yake. Watu wengi walikamatwa, na wengi waliachiwa bila kushitakiwa. Mahabusu iliyojaa hueneza kifua kikuu na upele. Septemba 2020, Mahakama Kuu ya Jamaika iliamua kuwa wanaume watano walioshikiliwa chini ya amri hizo walishikiliwa kinyume cha katiba.

Tena nafuu yenyewe haikudumu. Hali hiyo ya hatari ilikoma mwisho wa Januari 2019, lakini Aprili 30 ikabidi itangazwe upya St James, pamoja na mikoa jirani ya Hanover na Westmoreland. Askari anaweza kuzuia risasi ya leo. Vijana wasio na kazi na visasi vya magenge vinahitaji tiba nyingine.

Mwisho, msomaji, popote palipo na amri ya kutotoka nje usiku, majeruhi asingojeshwe hadi asubuhi. Bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia. Kisu kilichozama usikichomoe. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Omba msaada wa gari la wagonjwa au askari wa doria, afikishwe hospitali mapema.